Sindano ya Pacha wa Pili

Mama yangu alitulea kwa sheria moja tu, nayo haikuwa na rufaa: mapacha hawatengwi. Ukimnunulia mmoja viatu, mnunulie na mwenzake. Ukimchapa mmoja, mchape na wa pili, hata kama alikuwa amelala. Sisi ni Waluba wa Kasai, ingawa tumezaliwa Lubumbashi, huku Katuba, na kwetu pacha akimwonea mwenzake wivu nyumba nzima inaweza kuugua. Ndivyo walivyoamini mababu, na mama hakutaka kufanya majaribio. Yaya yangu, yaani dada yangu aliyenitangulia kutoka tumboni kwa muda wa kuchemsha chai, alipopata malaria, na mimi nilimezeshwa vile vidonge vichungu nikiwa buheri wa afya. Nililia, nikatema, nikamezeshwa upya. Mama alikuwa na jibu lake: "Kile kinapata moya, kinapata mwenzake."

Tulivaa kikwembe, yaani kitenge, cha kitambaa kimoja. Tulisukwa siku moja, na msusi mmoja, mtindo mmoja. Majirani walitusalimu kwa jumla, "Mapasa, jambo!", wasijisumbue kuuliza nani ni nani. Nami nikakua nikiamini bila shaka yoyote kwamba mimi na yaya ni mtu mmoja aliyechapwa nakala mbili.

Imani hiyo niliiingiza darasani. Ninafundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa hapa Katuba. Maabara yetu ni kabati lenye kufuli, na ndani ya kabati mna mifupa ya mguu wa kuku na darubini inayoona vizuri kukiwa na jua. Sijalalamika sana. Mtu akitaka kuwaonyesha wanafunzi DNA hahitaji mashine kutoka Ulaya. Anahitaji kitunguu, chumvi, sabuni ya kuoshea vyombo na pombe kali iliyopoa sana. Pombe ya duka la dawa nilikuwa nimeisaka nikaikosa, kwa hiyo nikaenda kwa mama mmoja wa mtaa wetu anayepika lutuku, nikamwomba ile ya kwanza kabisa kutoka kwenye bomba, ambayo ukiisogezea kiberiti inawaka. Nikailaza kwenye friza ya jirani anayeuza maji baridi. Asubuhi niliingia shuleni na chupa yangu kifuani, na bwana prefe, mkuu wa shule, akanisalimu kwa pua kabla ya mdomo.

"Madame, ile ni nini?"

"Ni science, Monsieur le préfet."

Alinifuata mpaka darasani kuhakikisha.

Tulikwaruza kitunguu, tukakikoroga na chumvi na sabuni ili ngozi za seli zipasuke, tukachuja kwa kitambaa safi. Kisha nikamimina lutuku polepole ubavuni mwa glasi. Pale maji na pombe vinapokutana, nyuzi nyeupe zikaanza kupanda, laini kama utando. Darasa zima likasimama. Prefe naye akasimama, na nadhani alisahau alichokuja kukamata.

Nikawaeleza. Kila uzi ule ni maelfu kwa maelfu ya nyuzi nyembamba mno, na kila mmoja umeundwa na nyuzi mbili zilizojisokota, kama msuko wa nywele wa mikono miwili. Zimeshikanishwa na herufi nne tu: A, T, C na G. A hukaa mbele ya T, C mbele ya G, wala hawabadilishani wachumba. Ndiyo maana seli ikitaka kuzaa seli nyingine kazi ni rahisi: msuko unafumuka, kila uzi unamwita mwenzake mpya herufi kwa herufi, na palipokuwa na msuko mmoja sasa pana miwili, kila mmoja nusu wa zamani nusu mpya. Mpangilio wa herufi hizo ndio unaoamua uwe na pua gani na damu gani.

Msichana wa dawati la mbele akanyoosha kidole. "Madame, na DNA yako na ya yaya yako?"

"Ni ileile," nikasema, na kidevu nikakiinua. "Toka herufi ya kwanza mpaka ya mwisho. Sisi ni mapasa wa yai moja."

Nilijivuna kweli siku ile. Mganga hajigangi, lakini mimi sikujua kama ninaumwa.

Basi nilikuwa na mchumba. Yeye ni Mkatoliki wa ukoo wa Mitwaba, kaskazini, babu yake alishuka huku kufanya kazi ya reli. Alikuwa wakala wa forodha kule Mokambo, mpakani na Zambia, anahangaika na karatasi za malori wiki nzima na kurudi Lubumbashi Jumamosi akiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ni mtu mpole, nami si mpole, na nilimpenda kwa sababu nikifoka yeye huongeza chakula kwenye sahani yangu. Jumamosi moja tukila michopo, ile nyama ya mbuzi ya kuchoma, akaweka chini kipande chake.

"Kuko kintu lazima ujue mbele ya kuenda kwa padri," akasema. "Mi niko AS."

Maana yake niliijua kuliko alivyoweza kuieleza. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za maagizo ya kutengeneza himoglobini, ile inayobeba hewa ndani ya damu: moja ya baba, moja ya mama. Kwenye maagizo hayo herufi moja tu ikikosewa, moja kati ya mamia, unapata nakala mbovu inayoitwa S. Ukiwa na moja mbovu na moja nzima, yaani AS, unaishi kama watu wote. Ukiwa na mbili mbovu, SS, chembe zako za damu hujikunja kama mundu na kuziba njia, na hayo ndiyo maumivu ya selimundu. AS wawili wakioana, kila mimba ni bahati nasibu: mtoto mmoja kwa wanne anaweza kuwa SS.

Mdogo wake wa kike alikuwa SS. Alifariki kabla ya komunyo ya kwanza.

"Nilikuwa ninamubeba mugongoni usiku, analia juu mifupa inamuuma," akasema. "Minakupenda. Lakini kama na weye uko AS, siwezi. Siwezi kuona ile tena."

Nilimwelewa. Nilimpenda zaidi kwa kusema wazi. Lakini na mimi nikaweka chini kipande changu, kwa sababu nilikuwa ninajua jambo ambalo yeye hakulijua. Yaya yangu alipoolewa, parokia iliwataka wapimwe damu, kama inavyowataka wachumba wote. Mumewe alikutwa AA, mzima kabisa, ndoa ikafungwa kwa vigelegele. Na yaya alikutwa AS. Wakati ule hakuna aliyejali, kwa sababu mmoja akiwa AA hakuna mtoto anayeweza kuwa SS. Sasa lakini hesabu ilinijia yenyewe, bila kuitwa: yaya ni AS, mimi na yaya ni yai moja, basi na mimi ni AS.

Nyumbani nikalia jikoni, nikimenya viazi. Sikuona haja ya kupimwa. Mtu anayejua somo lake hapotezi damu yake kuthibitisha kilicho wazi. Niliamua kwamba Jumamosi inayofuata, akitoka Mokambo, nitamwambia tuachane. Nilimweleza mama hayo nikitarajia anikumbatie.

Mama alikuwa anasonga bukari. Hakuacha mwiko.

"Yaya yako, balimutoboa sindano ya ndoa?"

"Ndiyo, mama, lakini…"

"Na weye balikutoboa?"

"Mama, DNA yetu ni moja, kwa hiyo kipimo chake ni…"

"Sikuuliza DNA. Balikutoboa?"

"Hapana."

"Basi kesho banakutoboa. Haiwezekane yaya yako atobolewe, weye ubaki bule. Mapasa habagawanyike."

Nilijaribu kumfundisha. Nilimchorea msuko wa DNA kwenye unga uliomwagika mezani. Akaufuta kwa kitambaa na kuniambia nilete mboga. Nina hasira za karibu, na siku hiyo zilikuwa karibu zaidi, lakini kwa mama yangu hasira hazina pa kukaa. Kesho yake alinishika mkono kama mtoto wa darasa la kwanza akanipeleka kwenye maabara ndogo, akakaa kwenye benchi na pochi yake magotini, kulinda haki yangu ya kuchomwa.

Kipimo chenyewe hakisomi DNA. Kinatazama himoglobini iliyotengenezwa kwa maagizo yake. Damu huwekwa kwenye ukanda, umeme unapitishwa, na himoglobini inatembea: ile nzima inakwenda mbali, ile ya S inachelewa njiani. AS anaonyesha mistari miwili, AA mmoja. Yote hayo nilimweleza mtaalamu wa maabara, ambaye hakuwa ameniuliza. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Tukangoja. Mama akasinzia. Umeme ukarudi, yule bwana akaanza upya, nami nikaandaa moyoni maneno ya kumuaga mchumba wangu, nikayapanga vizuri, mpaka nikaanza kuyapenda.

"Madame," akasema mwishowe, "uko AA."

"Hapana."

"Aje hapana?"

"Umechanganya chupa. Mi niko AS."

"Madame, asubuhi ya leo nilitoa damu kwako tu."

"Basi mashine yako iko mubovu! Yaya yangu eko AS, sisi ni mapasa wa yai moja, haiwezekane!"

Ndiyo, niligombana na mtu aliyeniletea habari njema kuliko zote maishani mwangu. Nilimtaka arudie. Mama aliyekuwa ameamka alisikia neno "rudia" na akaona jambo la maana kuliko lote: nikichomwa mara ya pili, yaya atakuwa nyuma. Akampigia simu. Yaya akaja na mtoto mgongoni, anahema, akidhani mtu amekufa. Akachomwa kabla hajakaa vizuri.

Mtaalamu aliweka damu zetu kwenye ukanda mmoja, bega kwa bega, na akaniita niangalie mwenyewe. Yaya, mistari miwili. Mimi, mmoja. Hakuna aliyehitaji diploma kuona.

"Muko mapasa ya mayai mbili," akasema kwa upole, maana alishanisoma kwamba ninauma.

"Mi nilizala mapasa," mama akajibu, "sikuzala mayai."

Niliketi. Kila kitu nilichofundisha kilikuwa kweli, isipokuwa mimi. Mapacha wa mayai mawili ni ndugu wa kawaida waliokodi chumba kimoja. Kila mmoja hupewa nakala moja na baba na moja na mama, na hakuna anayewaagiza wazazi watoe zilezile. Mmoja wa wazazi wetu alikuwa na S. Yaya akaipata, mimi ikanipita. Pua tunafanana kweli, lakini hata binamu yetu anayo pua hiyo. Kilichobaki kilikuwa kitambaa kimoja, msusi mmoja, na mtaa mzima uliozoea kusema "mapasa" bila kutazama mara mbili. Na mimi, mwalimu wa biolojia, sikuwahi kutazama mara mbili.

Yaya alinikazia macho muda mrefu, kama mtu anayekutana na mgeni anayemjua.

"Kumbe tulikuwa tunavaa tu uniforme," akasema. Nikadhani atalia, kisha kicheko kikamtoka kikubwa mpaka mtoto akaamka. Tulicheka wote wawili, tukashikana, mama akitukemea kwamba hapa ni maabara si harusi. Lakini na yeye alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kikwembe.

Jumamosi ilikuwa mbali. Nilitoka uani nikampigia mchumba wangu simu palepale. Nyuma yake malori yalikuwa yanapiga honi.

"Nimepimwa," nikamwambia. "Mi niko AA."

Akapaza sauti juu ya honi.

"Rudilia."

"AA. Batoto betu bengine banaweza kuwa AS kama weye. Lakini SS, hapana."

"Hata moya?"

"Hata moya."

Nilisikia mlango ukifungwa upande wake, honi zikafifia. Tangu tufahamiane mtu huyu hakuwahi kunitajia mtoto. Watu wakitutania kuhusu watoto aliangalia pembeni au alikumbuka shughuli. Sasa akakohoa kidogo, akasema jina la msichana. Halafu la mvulana. Halafu la msichana mwingine, akaeleza kwa nini hilo lisiwe la kwanza, na kwamba kama atazaliwa wa kiume analo jingine. Alikuwa na majina hayo yote, amekaa nayo miaka yote hiyo peke yake, na aliendelea kuniambia moja baada ya jingine mpaka salio langu lilipoisha.