Nilishukuru Kabla ya Cheti

Kwanza niseme kosa langu, maana la wakili nitalisema kwa kirefu.

Mwanangu alizaliwa hapa Johannesburg, wiki ileile karatasi yangu ya ukimbizi ilipoisha muda. Ofisi ya kuandikisha vizazi ikakataa kumwandikisha. Nikaondoka na kikaratasi cha hospitali, basi. Na shule ya karibu na kwetu, Rosettenville, iliniambia mapema: darasa la kwanza ni cheti cha kuzaliwa mkononi, hakuna mjadala.

Ndipo nikampata wakili. Mmarekani, mrefu, mikono ya shati ameikunja hata Julai, wakati sisi wengine tunatetemeka kwa baridi. Alikuwa amejitolea miaka miwili kwenye ofisi ya msaada wa sheria. Hakuruhusiwa kusimama mahakamani hapa. Kazi yake ilikuwa kuandaa mafaili, wenzake wayapeleke mbele. Alipenda kujisimulia. Nilijua baba yake alitengeneza matrekta kwenye mji mdogo wa mahindi. Nilijua alisomea sheria kwa mkopo, akatetea kampuni za bima mpaka roho ikachoka.

"Niliwanyima wagonjwa haki yao," aliniambia, "na nilikuwa hodari."

Nikamwamini kwa neno hilo. Mtu anayekiri hivyo, nilidhani, hawezi kukuacha njiani.

Mwaka 2016 nikamwalika kanisani kwetu, mtaa wa Observatory. Wanaosali makanisa yetu ya Kikongo wanajua: kuna ushuhuda wa kilichotokea, na kuna ushuhuda wa imani. Huu wa pili, unasimama kumshukuru Mungu kwa kitu ambacho bado hakijafika, unakitaja kana kwamba umeshakishika. Asiye na kazi anashukuru kwa kazi. Mgonjwa anashukuru kwa kupona, huku anakohoa. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu sote tunajua.

Sote, isipokuwa mgeni.

Nikachukua maikrofoni, mtoto nimembeba kiunoni, nikasema kwa Kiingereza changu cha shule ili wakili asikie mwenyewe: "Mwanangu amepata cheti! Asante Mungu, umemtumia mtu huyu!" Kanisa likaruka. Yeye alikuwa ameinua simu anarekodi, macho yamejaa machozi. Kisha akanishika mikono.

"Kumbe kimetoka! Mbona hukuniambia?"

Ngoma zilikuwa zinapigwa. Nilicheka tu. "Amina, Wakili."

Hilo ndilo kosa langu. Lake ni hili: hakuomba kukiona cheti chenyewe. Wakili mzima! Jumatatu akafunga faili, na mwezi uliofuata akarudi kwao kujiandaa kugombea ubunge wa jimbo. Mimi nikabaki kungoja. Kila nikipiga simu pale ofisi ya msaada wa sheria, mtu ananijibu bila kuangalia kitu: mafaili ni mengi, subiri. Nikasubiri miaka miwili kama mjinga.

Siku moja saluni, mwenzangu tunayesuka naye akapiga kelele: "Mama, njoo ujione! Umekuwa nyota Marekani!"

Ilikuwa video ya kampeni. Yeye mbele ya trekta, mikono ya shati imekunjwa. Halafu mimi na mwanangu, kanisani. Halafu sauti yake: alipigania mtoto asiye na karatasi Afrika, akashinda, sasa atawapigania watu wa mahindi.

"Mwombe basi akutumie hata viatu," mwenzangu akacheka. Kisha akaniangalia. "Lakini cheti chenyewe... si bado?"

Nilimwacha mteja na nusu ya kichwa, nikaenda.

Pale ofisini nikamkuta wakili mpya, binti wa hapahapa. Akafungua kompyuta. "Mama, faili lilifungwa. Limeandikwa mteja amepata cheti. Uthibitisho ni video yako." Ili lifunguliwe, ilibidi niape kwa maandishi kwamba nilichosema kanisani hakikuwa kweli.

Mama Mchungaji aliposikia, alinijia nyumbani. "Ukiandika hivyo, unafuta muujiza wako kwa mkono wako mwenyewe."

"Mama Mchungaji, shule inafunguliwa Januari. Huo muujiza umeambiwa?"

Aliondoka bila kunywa chai.

Hapa kiapo kinagongwa muhuri kituo cha polisi. Askari alikisoma kwa sauti, foleni nzima inasikia. "Eish, mama! Umedanganya kanisani?" Watu wakacheka. Mwanangu, anayeelewa Kiswahili na Kiingereza ila hujibu kwa Kizulu, akanivuta sketi, akauliza tumemdanganya nani. Nikatia saini. Muhuri ukagongwa.

Faili likapata namba mpya, nyuma ya mafaili yote. Yule wakili Mmarekani alishinda uchaguzi, nasikia sasa anatunga sheria. Nilimwandikia barua pepe, nikaeleza yote, nikamwomba aiambie ofisi ile neno moja tu. Jibu likaja kabla sijaweka simu chini, jibu la mashine: ananishukuru kwa kumuunga mkono.

Januari 2019 shule ikafunguliwa. Mwanangu nilikwenda naye saluni. Alikaa sakafuni kati ya nywele, akapanga vitana mstari, akawa anacheza shule. Kitana kikubwa cha mbao kilikuwa mwalimu. Akakishika, akakisogeza mbele ya kile kidogo kabisa, chenye meno mawili yaliyovunjika, akasema kwa Kizulu, kwa sauti nzito:

"Wewe, toka. Cheti chako kiko wapi?"