Siku Kinyozi Alipokalia Kiti Chake

Kila Jumapili alasiri, mteja wa mwisho akishatoka, kinyozi alifagia nywele sakafuni, akafuta kioo, akafunga mlango wa barabarani na kuacha ule wa nyuma wazi. Hapo ndipo wapiga picha walipoingia mmoja mmoja, bahasha kwapani.

Msidhani walikuwa wapiga picha wa kuitwa harusini. Walikuwa watu wenye kazi zao, ila kamera iliwaingia damuni: Mwalimu, aliyestaafu kufundisha hesabu, mama wa duka la vitambaa, ambaye wote walimwita Shangazi, na dereva wa gari la wagonjwa, mtu mpole ambaye ungedhani maneno anayanunua. Wa nne ndiye kinyozi mwenyewe, na kamera yake ya mtumba ilining'inia msumarini kando ya taulo.

Walikuwa na utaratibu wao. Mwenye picha hukalia kiti cha kunyolea, akafungwa shuka shingoni kama mteja, na picha yake ikabandikwa kwenye kioo mbele yake. Kufungua mdomo haruhusiwi mpaka wenzake wamalize. Kila msemaji huanza kwa kusema anachokiona, kisha hutaja kinachomkera, na mwisho lazima ampe mwenzake "neno la kubeba", yaani jambo moja la kwenda kujaribu. Sheria hiyo ilitungwa na Shangazi, siku Mwalimu alipomwambia picha yake ni bure, akaishia hapo.

"Kubomoa hata mbuzi anaweza," Shangazi alimjibu. "Nipe tofali!"

Kwa maneno ya kubeba kinyozi alikuwa bingwa. Lakini kile kiti hakuwahi kukikalia. Zamu yake ikifika, mara picha haijachapwa, mara chai inachemka, mara kiuno kinamuuma.

"Kinyozi hajinyoi," alijitetea.

"Sisi tupo kwa ajili gani?" Shangazi akamuuliza.

Jumapili moja akakosa pa kukimbilia. Dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikuwa anahama Alhamisi kwenda kuishi kwa mwanawe, mji wa mbali. Kinyozi alitaka picha yake moja tu ya kutundika dukani, amwone kila akiinua macho. Alikwisha kuipiga. Akiitazama haoni kasoro, ila mkono ulikuwa mzito kuitundika, wala hakujua kwa nini. Basi akajifunga shuka, akakaa.

"Leo jua limechomoza magharibi!" Mwalimu akapiga makofi.

Shangazi akasogelea kioo. "Naona mama nadhifu. Kilemba kimekaa sawa. Mwanga umemwangukia shavuni taratibu. Hapo hongera, ndugu yangu."

"Naona amekaa katikati kabisa," Mwalimu akasema. "Pua imegawa picha nusu kwa nusu, hata rula isingeweza."

"Hiyo ni sifa au kasoro?"

"Nasema ninachokiona, Shangazi. Usiniharakishe."

Kinyozi akatabasamu ndani ya shuka lake. Kumbe kunyolewa si kubaya.

Dereva alikuwa ameegemea ukuta. Akatazama weee, kisha akasema, "Mimi naona mtu anayesubiri kunyolewa."

Wenzake wakaangua kicheko. Tabasamu la kinyozi likadondoka.

"Sikutanii, kaka. Kitazame hicho kidevu. Shingo imekakamaa, hata kupumua hapumui. Na ile picha ya mkeo uliyotuonyesha? Na ya muuza magazeti? Wote wamekaa hivyo hivyo. Ulimwambia nini dada kabla hujapiga?"

Kujibu haruhusiwi, lakini jibu alikuwa nalo. Alimshika dada yake kidevu kwa vidole viwili, akamwinamisha kidogo, akasema, "Hapo hapo, usitikisike." Maneno yale yale anayowaambia wateja tangu ujana wake. Masikio yakamwaka moto. Alitaka kusema kamera ni kuukuu, alitaka kusema dada ndiye aliyejikaza.

"Nayaona maneno yamekujaa mashavuni," Shangazi akamwambia. "Meza."

Akameza.

"Neno la kubeba?" Mwalimu akamgeukia dereva.

Dereva akafikiri. "Mikono yako inapendeza kwenye vichwa vya watu. Kesho ukienda kwa dada, usimguse wala usimpange. Mwache na shughuli zake. Wewe mchokoze tu."

"Kumchokoza naweza!" kinyozi akaropoka.

"Kavunja sheria huyo!" Mwalimu akapiga kelele.

Kesho yake akamkuta dada yake kati ya mafurushi, anapigana na sanduku lisilotaka kufungika. Dada alipoona kamera akaacha yote, akanyoosha kilemba, akakaa ukingoni mwa kigoda na kumtolea kidevu ashike mwenyewe. Vidole vya kinyozi vikawasha. Akavificha mfukoni.

"Endelea na kazi, Dada. Mimi nipo tu."

"Upo tu kama pambo? Njoo tufunge hili sanduku."

"Limeshiba hilo. Umetia na mlango wa nyumba?"

"Nimetia sufuria zangu. Za mkwe wangu nyepesi kama karatasi."

"Hata viatu hujavua, tayari unamfundisha mkwe kupika!"

"Nyamaza, kitinda mimba! Wewe uliyekuwa ukinyolewa unalia mpaka majirani wanakuja na maji, wakidhani nyumba inaungua!"

Dada akajitupa juu ya sanduku kwa uzito wake wote. Sanduku likaguna, kandambili moja ikaruka hewani, na dada akacheka mdomo wazi, pengo lake likaonekana lote. Pengo hilo siku zote hulifunika kwa kiganja, ila safari hii viganja vilikuwa vimeng'ang'ania sanduku. Kinyozi akabonyeza.

Picha ilipochapwa, akawapitia wenzake makazini kwao. Shangazi alicheka hadi mteja wake akaomba naye aone. Dereva alimpa mkono tu, akaushika kwa muda mrefu. Mwalimu akasema, "Kona ya chini kuna ndoo." Zamani kinyozi angeitetea ile ndoo kama mwanawe. Sasa alisema ahsante, akarudi dukani, akaikata.

Lakini hofu haikumwisha. Dada angekubali lile pengo litundikwe ukutani, wateja walitazame?

Alhamisi, kituoni, akamkabidhi picha. Kiganja cha dada kikapanda kuelekea mdomoni, kikaishia njiani.

"Mdomo wote huu ni wangu?"

"Wako, Dada."

Dada akaisogeza karibu na macho. "Kumbe nikicheka nafanana na mama," akasema polepole. Kisha akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Dada! Hiyo ni ya dukani!"

"Chapa nyingine. Na uitundike juu, wanaoingia wote waone."

Akapanda basi. Kinyozi akazunguka mpaka dirishani pake kumuaga, akagonga kioo. Dada hakugeuka. Alikwisha kuitoa picha, anamwonyesha abiria wa kando, na wote wawili wanacheka. Akagonga tena. Dada akamwinulia kidole bila kumtazama: subiri kwanza, nimalize kumsimulia huyu.