Mlio Usio na Shahidi

Mwanangu, kabla ya yote nitenganishe mambo. Kwamba maji moto ya kitunguu hutibu sikio linalolia, hilo nililisikia sokoni Sosiot, sijaliona likitokea. Kwamba sikio langu la kushoto limelia bila kukoma tangu ujana wangu, hilo nalithibitisha mwenyewe.

Nakumbuka siku moja kiwandani. Nilikuwa mhudumu wa mashine za kukata majani ya chai, na sisi wahudumu tulikuwa na majivuno yetu: fundi wa kweli alijua kwa kusikiliza tu kwamba visu vimekuwa butu. Basi nilivua vizibo vya masikio nikavitia mfukoni. Msimamizi wetu, Mzee Odhiambo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, alinivuta hadi nje.

"Wewe msomi! Kisu kikiisha tunaagiza kingine. Sikio utaagiza wapi?"

Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema wahenga. Guu langu li zima, ila miaka michache baadaye mlio kama wa nyenje uliingia sikioni, ukakataa kutoka.

Nilitia yale maji ya kitunguu. Niliunguza sikio, mlio ukabaki. Kisha nikatafuta kimya: nikazima redio, nikawakataza watoto kucheka wakati wa chakula, mwishowe nikahamishia kitanda changu katika ghala la mahindi. Kumbe kimya ndicho kilichoulisha mlio ule.

Asubuhi moja mke wangu alisimama mlangoni mwa ghala.

"Baba Chebet, kama umenichoka, sema nirudi kwetu Sigor."

Ndipo nikamweleza. Alitega sikio karibu na langu, akatikisa kichwa.

"Mimi sisikii kitu."

"Basi hata wewe huniamini."

"Nimesema sisikii. Sijasema hakuna. Niambie, mlio huo unaliaje?"

Mimi ninayedai ushahidi kwa kila jambo niliaminiwa siku ile bila ushahidi wowote. Nilirudisha kitanda nyumbani. Alinisindikiza hospitalini, na daktari akanieleza wazi: kelele za mashine zilikuwa zimeumiza sikio kwa ndani, dawa ya kuufuta mlio wangu hana, lakini naweza kuuzoea. Nilale redio ikizungumza kwa sauti ya chini, na nilinde usikivu uliobaki. Nilifanya hivyo. Mlio haukupungua; ni mimi niliyeacha kuusikiliza.

Kwa hiyo, mwanangu, vaa vizibo hata wakikucheka. Maumivu yasiyoonekana yataje mapema kwa anayekupenda na kwa tabibu aliyesomea, wala usiyapeleke sokoni. Na usiikimbie sauti ya nyumba yako. Mungu akuhifadhie masikio, akupe na moyo wa kustahimili.

Wengine husema uzeeni mlio hunyamaza. Sijui. Ninachojua ni kwamba ninapoandika haya unalia, na mke wangu ameniita kutoka jikoni, nami nimemsikia.