Fimbo ya Puli Iliyokwenda Kuposa

Fimbo za puli za siku hizi sizipendi. Ni nyepesi, na baada ya miezi miwili zimeshapinda. Yangu ilikuwa ya zamani. Niliipata Kasulu kwa mzee mmoja aliyefunga baa yake na meza ya puli akaigeuza ya kuanikia dagaa. Ilikuwa na vipande viwili vilivyoungwa kwa skrubu ya shaba, na kile cha kushikia kilikuwa cha mti mweusi, kizito. Kila Jumamosi nilikipaka mawese kidogo hadi king'ae. Sikumwazima mtu. Hata nikiwa sichezi nilikaa nayo mapajani, raha yangu ikiwa kwamba ni yangu.

Kisha nikataka kuoa, huko Mabamba. Mshenga alikuwa baba yangu mdogo, na asubuhi ya safari fimbo yake ya kutembelea haikuonekana. Mzee wa Kiha haendi kuposa mikono mitupu. Akaingia chumbani kwangu, akatoka na kile kipande cheusi.

"Hii inatosha," akasema. Ningebisha, tungeanza safari kwa ugomvi. Nikamfuata.

Ukweni, mwenye nyumba alimpokea mgeni fimbo yake mlangoni, kama ilivyo desturi. Akaigeuzageuza, akaisifu sana. Baba mdogo, kwa kupenda kupendwa, akamjibu, "Ni yako hiyo. Kijana wetu amekuletea."

Posa ikakubaliwa siku hiyohiyo. Watu walipiga vigelegele, na mimi nililia moyoni, wala si kwa furaha.

Miaka mitatu nimemwona baba mkwe akichunga mbuzi kwa fimbo yangu, ameinama kidogo. Mwaka huu uzalendo ukanishinda. Nikaficha kile kipande chembamba ndani ya koti la mvua, nikaenda kumweleza ukweli. Nilipokitoa, nikakumbuka kwamba mkwe hamdai mkwewe zawadi, nikamnyooshea tu. Yeye akakipokea, akakitazama ncha hadi ncha, akakiunga na chake, akazungusha taratibu mpaka kikakaza.

"Kumbe," akasema. "Siku zote niliona ni fupi. Ahsante sana, mkwe."

"Karibu, baba," nikajibu.

Sasa imesimama nyuma ya mlango wake, nzima. Naenda Mabamba kila mwezi kuitazama, na mke wangu anawaambia majirani kwamba hajaona mwanamume anayependa wakwe zake kama mimi.