Mgeni amekunywa mbegu za mama

Leo mtafiti amekuja kwetu Nyaramba kuchukua mbegu za wimbi (ulezi) la mama, naye shangazi akampikia uji.

Anachunguza jeni zinazoamrisha nyingine mmea unapokosa mvua. Wimbi la marehemu mama lilisimama kiangazi kizima, la majirani likikauka.

Akamaliza kikombe. "Uji mtamu, dada. Sasa nionyeshe mbegu."

Nikamtazama shangazi.

"Si ulisema mgeni anataka wimbi? Nimelisaga lote."

Mtafiti akabaki ameshika kikombe kitupu.

Nimekung'uta ungo, nikapata punje zisizojaza kiganja. Anangoja nje, nami nazunguka jikoni nimezifumbata.

Mama hakuwahi kumnyima mtu mbegu. Lakini yeye kila mara alibakiwa na nyingine za kupanda.

Ninyi mngempa?