Kabati la Mama Kwenye Kenta

Mimi hufunga mizigo sokoni Gikomba, Nairobi. Marobota ya mitumba yakishapandishwa kwenye lori, mimi ndiye hupanda juu, nikayafunika turubai na kukaza kamba. Mdogo wangu naye hufunga mizigo, ila yeye hufunga melini. Kazi ni ile ile. Tofauti ni kwamba picha yake, akiwa na helmeti na ovaroli ya rangi ya chungwa, ilitundikwa ukutani kwa Baba huko Huruma, kando ya ile ya marehemu Mama. Yangu haikuwepo. Nilimwonea wivu, na bado namwonea.

Baba alipoamua kurudi Kakamega kumalizia uzee wake, nilimtafutia mwenyewe kenta, lori dogo la kuhamishia vyombo. Nilijua anachohofia: kabati la vioo la Mama. Nikajiambia, likifika bila ufa, mzee atanisifu, hata kama ni mara moja tu maishani. Basi nikaanza kupakia kama tunavyopakia marobota, nikirundika kimoja juu ya kingine, kabati nikaliweka juu kabisa lisibanwe. Baba akatoka na simu mkononi.

"Ngoja kwanza," akasema. "Wacha tuulize mwenye kujua."

Mwenye kujua! Meli yake ilikuwa bandarini siku hiyo, na mtandao ukatuletea uso wake mzima, meno yote nje.

"Niaje bro! Hebu nionyeshe hiyo gari." Nikamwonyesha. "Zii, hiyo kabati iko juu sana. Vitu nzito ziende chini, katikati. Na usiache nafasi, jaza godoro na magunia za nguo. Mzigo ikipata nafasi inaanza kutembea, na ikianza kutembea hakuna kamba itaishika. Halafu mkiendaenda kidogo, simama ukaze tena."

Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa kama yuko kanisani. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na simu za video. Nilishusha kila kitu mbele ya majirani, nikapakia upya, roho ikiniuma.

"Huyo ni mtoto wangu wa meli," Baba alimweleza dereva, ambaye hakuwa ameuliza.

Tulipopita Nakuru nilimwomba dereva asimame. Nilitaka kupanda juu nizikute kamba zimekaza vile vile nilivyoziacha, nimcheke mdogo wangu hata kama ni peke yangu. Zilikuwa zimelegea. Magodoro yalikuwa yamebonyea njiani, na kabati limeanza kucheza. Nilizivuta zile kamba kwa hasira mpaka viganja vikachubuka.

Kabati lilifika zima. Baba alilipapasa pande zote, machozi yakamlenga, kisha akaniambia nimpigie mdogo wangu. Mikono yake hutetemeka siku hizi, kwa hiyo nilimshikia simu mbele ya uso.

"Mzigo umefika salama, mwanangu. Mungu akubariki sana."

"Si mimi, Baba," mdogo wangu akasema. "Mshukuru brathe. Ni yeye amefunga."

Baba akacheka kidogo. "Huyo? Huyo si yuko hapa tu kila siku."

Nikaisogeza simu karibu zaidi, amwone mwanawe vizuri.