Swali la Binti Yangu kwa Mbunge

Binti yangu alikuwa akisoma kwenye simu jinsi mbunge wetu alivyopiga kura, huku ugali ukipoa mbele yake. Aliniambia kwa Kiingereza, kama anavyonijibu siku zote, kwamba yule mama tuliyempenda hapa Hayes, pembeni mwa London, kwa vile alivyotupigania nyumba zetu zilipoota ukungu, alikuwa ameunga mkono kuongeza fedha za usalama wa ndani: walinzi zaidi wa mipaka, na majengo zaidi ya kuwazuilia watu wanaosubiri kurudishwa makwao. Lilipoletwa pendekezo kwamba sehemu ya fedha hizo iwalipie watu hao mawakili, alilikataa.

"Jumamosi anakutana na wananchi kwenye ukumbi wa kanisa," akasema. "Nitamuuliza."

Nilimkataza. Nilisingizia mitihani yake, lakini mitihani haikuwa na neno. Ombi langu la ukaazi wa kudumu lilikuwa bado kwenye wizara ileile iliyoongezewa fedha, na kwa miaka yote niliyokuwa nikiwatunza wazee majumbani mwao nilikuwa nimejizoeza kuishi kimya, nisije nikaonekana. Halafu kulikuwa na habari ya kaka yangu, ambayo sikuwahi kumsimulia.

Kaka yangu ni mwalimu. Zamani kule kwetu alisimama kwenye baraza, akamuuliza mbunge wa wakati ule kwa nini amepitisha fedha za kuongeza askari na zahanati haina dawa. Aliuliza kwa adabu, watu wakampigia makofi. Jioni gari la askari likaja nyumbani, likamchukua. Aliporudi baadaye hakutuambia lolote, na mama hakumuuliza. Tangu hapo hakusema tena mbele ya watu. Hata kwenye harusi yangu, alipoombwa azungumze kwa niaba ya familia, alitikisa kichwa akampisha mjomba.

Basi Jumamosi ilipofika, binti yangu akavaa koti lake, nami nikavaa langu. Nilikaa naye bega kwa bega, nia yangu ikiwa kumvuta chini akijaribu kusimama. Mlangoni walikuwepo polisi wawili, maana siku hizi wabunge hapa hawakutani na watu bila ulinzi. Walipopekua mkoba wangu walinisalimia vizuri, lakini sikuwatazama usoni.

Binti yangu aliposimama, mkono wangu haukunyanyuka. Aliuliza, kwa sauti tulivu kuliko ya nyumbani, kama ni kweli mbunge aliziunga mkono fedha zile, na kwa nini.

"Ni kweli," mbunge akajibu. "Nilipiga kura ya ndiyo." Akaeleza kwamba watu wengi wa mtaa huu wanafanya kazi uwanja wa ndege, na mpaka usiolindwa vizuri unawahatarisha wao kwanza.

"Na mawakili je?"

Mbunge akasema, "Chama changu kilituagiza tukatae, nikafuata. Sikupenda. Lakini kura ni yangu, siwezi kusema ni ya mtu mwingine."

Watu wengine wakaguna, mzee mmoja akasema afadhali amesema ukweli, na mkutano ukaendelea na habari za mabasi. Nilidhani yamekwisha. Baada ya chai, tulipokuwa tunatoka, mbunge akatufuata, akamwomba binti yangu jina na anwani ili ofisi yake imwandikie majibu kamili.

"Usimpe jina," nikamwambia kwa Kiswahili.

Binti yangu akanitazama kana kwamba nimepagawa. Akalitaja jina lake, na ubini, ambao ni ubini wangu pia, akautamka herufi kwa herufi. Mbunge akanigeukia, akaniuliza kama nami nilikuwa na swali. Nikamwambia hapana, ukumbi ni mzuri sana.

Kwenye basi ndipo nilipomsimulia habari ya mjomba wake. Alikuwa anamjua kama mtu mpole wa kwenye simu, anayemuuliza kila mara kama amekula. Tulipokaribia kushuka akasema kwa Kiswahili chake cha kubabaisha, "Pole, Mama."

Siku zilizofuata, kengele ya mlango ikilia nilikuwa namtuma yeye akafungue, halafu nasimama ngazini nikisikiliza. Mara alikuwa mtu wa kuleta vifurushi. Mara nyingine alikuwa jirani. Majibu ya mbunge yakaja kwa barua pepe, marefu, yenye adabu, yakirudia yaleyale aliyoyasema ukumbini. Binti yangu akasema hayamtoshi. Mimi nilikuwa natafuta ndani yake kitisho, na sikukiona.

Kisha ombi langu likakubaliwa. Nilipata habari nikiwa kazini, nikakaa chini kwenye ngazi za bibi ninayemhudumia, nikalia mpaka yeye, anayetembea kwa shida, akaja kuniuliza nani amefariki. Nilimwambia hakuna aliyefariki.

Nilimpigia kaka yangu siku hiyohiyo. Nilimweleza habari za ukaazi, akamshukuru Mungu, halafu nikamweleza habari za ukumbini.

"Kisha wakamfanya nini?" akauliza.

"Hawakumfanya kitu, kaka. Walimpa chai."

"Hata jioni?"

"Hata jioni."

Nikamsikia anacheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu tukiwa vijana. Akaniambia nimrudie lile swali, neno kwa neno. Akasema lilikuwa limepangwa vizuri.

Hivi karibuni zilipigwa kura nyingine kuhusu fedha zilezile, na mbunge wetu akasema ndiyo tena. Binti yangu aliniletea habari hizo jikoni akiwa amekasirika. Nami nilikasirika, nikamsema yule mama waziwazi kwa jina lake, madirisha yakiwa wazi na jirani akianika nguo zake nje.